Mvua Imekatika: Kabla ya Kumwita Mnunuzi wa Nyumba



Mvua imekatika. Njia zimeanza kutoa vumbi, asubuhi watoto wanaenda masomoni wamevaa majaketi, na kwenye kuta za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yale maneno tunayoyajua yamerudi, yameandikwa na rangi ao na makaa: nyumba ya kuuza. Tembea hatua chache, kwenye ukuta mwingine utasoma kinyume chake: parseli hii haiuzwi. Mgeni akipita anashangaa. Nani anajisumbua kuandika kwamba kitu chake hakiuzwi? Sisi wenyeji hatushangai. Pale ndani kuna mama na watoto waliosikia kwamba mtu wa familia, ao tapeli asiye wa familia, alikuwa anatafuta kuiuza nyumba wakati wao wangali wanalala ndani yake.

Watu wanakuja kwetu wachungaji wakitaka tuwe mashahidi siku ya kuuza. Mara nyingi wanafika wakiwa wamekwisha kupaka rangi, wamefagia kiwanja, wameita komisionere, na hata wamekula sehemu ya feza. Ninawauliza: karatasi iko kwa jina la nani? Bibi yako anajua? Hapo kimya kinaingia. Kupaka rangi ni kazi ya siku mbili, ndugu. Kutengeneza nyumba ya kuuza ni kazi ya miezi, na sehemu kubwa haifanywi na brosi.

Lakini tuanze na kuta, kwa kuwa wakati wake ni sasa. Kwetu mvua inanyesha tangu mwezi wa kumi mpaka wa nne hivi, na miezi ile yote ukuta unakunywa maji. Nyumba nyingi za kartie zetu zimejengwa na matofali ya udongo wa kichuguu, mengine yamechomwa vizuri, mengine nusu, mengine hayakuona moto hata siku moja. Tazama chini ya ukuta mwezi wa tano: utaona mstari mweusi, na juu yake unga mweupe sawa chumvi. Ni chumvi kweli. Maji yanapanda toka udongoni, yanabeba chumvi, na jua likiyakausha ile chumvi inabaki. Ukipaka rangi juu ya ukuta wa namna ile wakati ungali na maji, majuma machache tu rangi inavimba na kuanguka, na mnunuzi atakuja siku ileile inapoanguka. Kwa hiyo ondoa ule unga na brosi kavu, usiuoshe na maji. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali na msingi. Fungua madirisha muchana, acha upepo wa mwezi wa sita ufanye kazi yake bila malipo. Rangi ni ya mwezi wa saba.

Paa nalo usingoje. Ingia ndani saa sita ya muchana, funga milango na madirisha, tazama juu. Kila tundu la manjanja litakuonyesha nuru sawa nyota. Weka alama na kaa, kisha panda ubadilishe misumari iliyokula kutu. Kazi hii katika mwezi wa tano inaomba misumari na mtu wa kushika ngazi. Ukiiacha mpaka mwezi wa kumi, itaomba manjanja mapya na sinema ya ndoo kila usiku.

Kuna mafundi wanaojua sana kuficha. Doa la paa linalovuja wanalipaka rangi ya mafuta, ufa wanaujaza na gazeti na simenti kidogo, choo kilichojaa wanakifunika na udongo mwekundu na kupanda maua juu. Msiwatumie. Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana, ya mwaka 1888, lakini ingali inatumika, na inasema muuzaji anajibu juu ya kasoro zilizofichwa katika kitu alichouza. Tena mnunuzi si mtoto. Atakuja na fundi wake, ataongea na jirani yako akinunua kwake sukari ao sabuni, na jirani atamwambia yote. Kama kisima kinakauka mwezi wa kumi mbele ya mvua ya kwanza, mwambie wewe mwenyewe. Kama choo kimebakia na mwaka mmoja, sema mwaka mmoja. Mtu akisikia kutoka kinywa chako ubaya wa choo, ataamini pia neno lako juu ya paa.

Na tafadhali, msikate mwembe. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kiwanja kitupu kinaonekana kikubwa. Mtu anayetoka kwenye jua la mwezi wa tisa akikuta kivuli atavuta kiti, na mtu aliyevuta kiti anaanza kuona nyumba kuwa yake.

Sasa tufike kwenye karatasi. Hapa naomba usome polepole, na kama mzee wa nyumbani hasomi, umsomee.

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973, iliyogeuzwa kidogo mwaka 1980, inasema udongo wote wa nchi ni wa Serikali. Kwa hiyo hatuuzi udongo. Tunauza nyumba pamoja na haki ya kukaa na kutumia parseli, na haki ile inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha kuandikisha, kile watu wanakiita sertifika, kinachotolewa na konservatere wa vyeti vya udongo. Watu wengi wananionyesha vitu vingine. Mmoja ana kile kibuku cha zamani cha mwenye nyumba, mwingine ana fishi ya parseli, mwingine karatasi iliyoandikwa na mkono na yule aliyemuuzia, na sahihi ya mkubwa wa kartie chini. Vitunze vyote vizuri, vinaonyesha njia uliyopita mpaka kufika pale. Lakini havichukui nafasi ya cheti. Mnunuzi mwenye feza nzuri atauliza cheti kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, na yule asiyeuliza, mwogope kidogo.

Kwetu sisi watu wa migodi jambo hili lina historia yake. Wengi wetu tulikomea katika kambi za kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mwaka 1967 Serikali ikaichukua, kisha ikawa Gécamines. Lakini kwa mtoto wa kambi nyumba ilibaki namna ileile. Kampuni ilijenga, kampuni ilipaka rangi, balbu ikiungua baba alienda kuomba nyingine. Hatukufundishwa kuwa wenye nyumba. Baadaye nyumba nyingi za kambi zilipita mikononi mwa wafanyakazi waliokaa ndani yake, na katika mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na feza za Benki ya Dunia. Baba alirudi nyumbani na karatasi ya kampuni katika bahasha. Bahasha ikawekwa ndani ya sanduku, chini ya nguo za siku kuu. Wengi wa baba hawa wamekwisha kulala. Bahasha ingali ndani ya sanduku, na jina lililoandikwa juu yake ni la mtu ambaye hawezi tena kutia sahihi.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mzaliwa wa kwanza anafungua sanduku. "Nyumba iko ya baba, na mi njo mukubwa." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwanzo wake una ukweli kidogo: sheria ya jamaa ya mwaka 1987, ile iliyotengenezwa tena mwaka 2016, inasema kama marehemu hakuacha wasia, yule aliye mkubwa kwa umri kati ya warithi ndiye anashughulikia kugawanya mali. Lakini kushughulikia si kumiliki. Yeye ni sawa mtu aliyepewa kisu cha kukata mkate wa wote. Watoto wote wa marehemu ni warithi wa kwanza, wanaume na wanawake, hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa kama baba alimtambua kwa sheria. Na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana wake na kutumia vyombo vilivyomo.

Ninamkumbuka mama mmoja. Bwana yake alifanya kazi ya shimoni miaka mingi, akafa, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na watoto sita. Mwaka wa pili wa ujane, siku moja ya mwezi wa nane, mama akiwa kwenye mbabula anasonga bukari, kamio ilisimama mbele ya mlango. Mtu akashuka, akamsalimu kwa heshima, akasema: "Mama, tumeleta vitu. Mutoto yako hakukuambia?" Mtoto hakumwambia. Alikuwa amekwisha kupokea nusu ya feza tangu mwezi wa sita, na feza ile ilikwisha kwenda katika biashara ya kuuza madini ambayo ilikufa. Mnunuzi hakuwa mwizi. Alikuwa baba wa watoto, naye ameuza nyumba yake ya kwanza ili anunue ile. Vitu vyake vilikuwa juu ya kamio na jua linashuka. Bukari iliungua. Kesi ile ilienda tribinali, ikakaa huko zaidi ya miaka miwili, na wakati wote ule familia mbili hazikujua mahali pa kusimamisha kitanda. Mama na mwanawe hawajaongea mpaka leo.

Rangi ya nyumba ile ilikuwa mpya. Yule kijana aliipaka mwezi wa tano, na mama alimshukuru.

Basi, kabla ya kumwita mtu wa kuona nyumba, ita kwanza wale wanaolala ndani yake. Kama bwana na bibi wako wazima, wote wawili wakubali. Sheria ya jamaa inaomba kukubali kwa wote wawili ili kuuza nyumba, hata kama cheti kina jina la mmoja, na hata kama walioana kwa utaratibu wa kutenganisha mali. Baba, usiseme "bibi yangu hana neno". Mpe kalamu tuone. Kama ni nyumba ya marehemu, kusanya watoto wote. Aliye Kinshasa, aliye Zambia, atume karatasi ya kumpa mwingine uwezo, iliyothibitishwa; sauti ya telefone haitoshi. Andikeni mambo mliyopatana, kila mtu atie sahihi, mashahidi nao. Kisha fuata njia ya ofisi ili cheti kitoke kwa jina la marehemu na kuingia kwa jina la warithi. Njia hiyo ni ndefu na inaomba feza, ndiyo sababu ninasema uanze mwezi wa tano na si wiki ile mnunuzi amefika. Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Mtu mwenye watoto anataka kuhama mwezi wa saba ao wa nane, naye hawezi kungoja mpaka ndugu zenu wapatane.

Katika mkutano ule wa familia kuna ulizo moja linalopita bei: mama atalala wapi? Liulizeni mbele ya kutaja dola hata moja, na jibu liwe na jina la kartie na idadi ya vyumba. "Tutaona" si jibu. Nimeona familia zinauza nyumba ya mji ili kulipa deni la kilio ao la hospitali, wanabaki na feza za kupangisha miezi minane, kisha mama anaanza kuzunguka kwa watoto, mwezi huku, mwezi kule, na blanketi lake ndani ya mfuko. Kama deni ndilo linawasukuma, hesabuni kwanza kama kupangisha vyumba viwili hakuwezi kulilipa polepole. Mara nyingine kunaweza.

Ukiwa na mpangaji ndani, naye ni wa nyumba. Mwambie mapema. Garanti aliyokupa ni feza yake. Sheria ya mwishoni mwa mwaka 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, basi jua mapema utaitoa wapi. Mpangaji aliyekasirika anaweza kuharibu mauzo kwa neno moja tu mlangoni.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kwetu watu wa madini peke yetu. Mwaka 2014, kule Kasulo katika mji wa Kolwezi, mkaaji mmoja alichimba katika kiwanja chake akakuta mawe ya kobalti. Muda haukupita sana kartie nzima ikatobolewa, watu wakachimba hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu ya kartie ile walihamishwa na mahali pao pakafungwa kwa ukuta. Tangu hapo kila mtu mwenye parseli Kolwezi anaota jiwe, na makomisionere wanajua ndoto hii. Wanakuambia: "Papa, usiuze bei ya nyumba, uza bei ya carrière." Usiwasikie. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyotengenezwa tena mwaka 2018, inasema madini yaliyo chini ya udongo ni ya Serikali. Cheti chako hakikupi jiwe, na huwezi kuuza kisicho chako. Kuchimba shimo la kujaribu sebuleni ni kuharibu nyumba mbili, yako na ya jirani, kwa kuwa udongo hausomi mipaka ya parseli.

Ikiwa ni kampuni ya madini inayotaka uondoke, elewa kwamba hayo si mauzo ya kawaida kati ya baba na baba. Hapo kuna malipo yanayoombwa na sheria. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa ubaya karibu na migodi ya Kolwezi, kati yao wakaaji wa Cité Gécamines. Piga picha za kila chumba, kila mti, kisima, choo, ukuta wa nje. Weka nakala kwa mtu mwingine. Usitie sahihi peke yako jioni mbele ya gari.

Bei sitakufundisha, kila avenue ina yake. Uliza nyumba tatu zilizouzwa kweli karibu nawe, usiulize zile zinazongoja kuuzwa, kwa kuwa bei ya ukutani ni ndoto ya mwenye ukuta. Na komisionere mpatane kwa maandishi atapata nini na nani atamlipa. Kama anaomba feza kwa kila mtu anayekuja kutazama, jua anaweza kukuletea watazamaji kila siku na asilete mnunuzi hata mmoja.

Kama mnunuzi ni mgeni wa nchi nyingine, usikimbie, lakini elewa kwamba haki ya daima juu ya parseli ni ya Mkongomani tu. Mgeni anapata haki ya miaka yenye mwisho, isiyopita 25, inayoweza kufanywa upya. Mtu akikuomba utie jina la mpwa wako kwenye karatasi "kwa kumusaidia", kataa.

Siku ya feza, fanyeni mambo yenu muchana, benki kama inawezekana, na si katika gari wala katika baa. Dola zihesabiwe moja moja mbele ya wote: mnajua kwetu dola yenye mpasuko mdogo tu hakuna anayeipokea, na mnunuzi akiisha kuondoka itabaki yako. Karatasi ya mauzo itiwe sahihi mbele ya notere ao konservatere, bwana na bibi wakiwepo, warithi wakiwepo. Ukipokea sehemu ya kwanza, iandikwe: kiasi, tarehe ya kumaliza, na nini kitatokea kama mmoja anashindwa. Wala usiile. Feza ya sehemu ya kwanza ingali nusu ya mwenzako mpaka mwisho.

Yabaki mambo madogo ya siku ya kuhama. Lipa fakture ya SNEL na ya Regideso, mpe mnunuzi zile za mwisho, na mwandike pamoja namba za mita. Usiondoe kitasa cha mlango wala balbu wala mlango wa choo. Nimeona watu wameng'oa hata swichi. Funguo zote zikabidhiwe, pamoja na ile ya mlango wa nyuma ambayo mtoto anaificha chini ya tofali. Na yale maneno ya makaa kwenye ukuta wa nje, yafuteni ninyi wenyewe mbele ya kuondoka, maana makomisionere wataendelea kumgongea mwenye nyumba mpya saa kumi na mbili za asubuhi.